Bahasha za Msimu wa Mvua

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Mvua ya kwanza ya msimu imeanguka leo, na imechagua kuangukia meza yangu. Bati la ofisi ya wafanyakazi lina tundu tangu mwaka jana. Nimemwambia mkuu wangu, Citoyen Cyprien (siku hizi kila mwanaume ni Citoyen, mwananchi), akasema ataandika barua. Barua zote za kiwanda hiki cha sabuni nazipiga mimi kwa mashine. Kwa hiyo nitajiandikia barua ya kulalamikia tundu lililo juu ya kichwa changu, yeye atie sahihi, kisha sote tungoje.

Nimenunua daftari hili ili hasira zangu zipate pa kulala. Lambert, mume wangu, amechoka kuzisikia. Naye yuko hapahapa kiwandani, kwenye mapipa ya kupikia sabuni, na akirudi jioni anataka chakula na kimya. Chakula anapata.

Jumatano, 12 Septemba

Mvua. Tundu liko palepale.

Jumatatu, 17 Septemba

Ameshuka mgeni kutoka Kinshasa, mkaguzi wa kazi, Citoyen Assumani. Ni mtu wa Kindu, mwembamba, mwenye koti la abakosti la kijivu lililofuliwa mpaka limekonda kama yeye. Ametumwa kupima mishahara: je, mwanamke na mwanaume wanaofanya kazi moja wanalipwa sawa? Wakionekana hawako sawa, kiwanda kitalazimishwa kuwapandisha daraja walioachwa nyuma.

Citoyen Cyprien alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia hapa wote ni watoto wa taifa moja, tofauti haipo. Mimi nimepewa kazi ya kumsaidia mgeni kuandika, juu ya kazi zangu zote, bila hata sarafu moja ya likuta ya nyongeza. Hilo nalo lingepimwa.

Jioni nimempa habari Mama Hadidja. Yeye ni mkubwa wa wanawake wanaofunga sabuni kwenye makaratasi na masanduku. Meza ya wanawake na meza ya wanaume ziko bega kwa bega, sabuni ni ileile, na wanaume wengi wa meza ile walifundishwa na yeye. Mwisho wa Desemba anaondoka kwa uzee, na pensheni yake itahesabiwa kwa daraja atakaloondoka nalo. Nilimuuliza yuko daraja gani. Akasema la tatu, ambalo ndilo la juu kwa watu wa mezani, tangu zamani. Nikafurahi kwa ajili yake.

Jumamosi, 22 Septemba

Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Tumefyeka nyasi mbele ya kiwanda kwa ajili ya taifa. Taifa halikuja kuona.

Jumatatu, 24 Septemba

Directeur, mkubwa wa kiwanda, amempa Citoyen Assumani karatasi moja. Mafaili ya malipo yote anayafungia kwenye kabati lake mwenyewe. Mimi sijawahi kuyaona, kazi yangu ni barua za likizo na ruhusa za mazishi. Karatasi inasema: chukua mishahara ya wanaume wote, gawa kwa idadi yao. Chukua ya wanawake wote, gawa vilevile. Na kumbe, maajabu, wako karibu sawa!

Mkaguzi alikuwa tayari kufunga mkoba wake. Nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza kama humo ndani ya wanawake yumo pia Mama Adèle. Akaniuliza Adèle ni nani. Adèle ni dada wa Directeur. Anaongoza kikundi cha kuimba nyimbo za Chama, na anaandikwa kama mshauri. Siku ya malipo ndiyo siku pekee tunayoliona gari lake. Mshahara wake ukiumwaga katika mishahara ya wanawake wa sabuni, wote wanaonekana wameshiba.

Citoyen Assumani alikaa chini tena. Huyu mtu ana kasoro nyingi, lakini akionyeshwa kitu anakiona. Akasema tuache kugawa. Tutawapanga watu kwenye mstari, kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye kingi, kisha tumtazame aliyesimama katikati. Adèle atasimama mwisho wa mstari na manukato yake, hatamgusa wa katikati. Nimeipenda hesabu hiyo. Tena akasema mshahara wa msingi pekee hautoshi, lazima tuhesabu posho ya nyumba, usafiri, hata gunia la mchele.

Gunia hilo, daftari, ngoja nikueleze. Kiwanda hutoa mchele kila mwezi kwa wenye daraja la tatu, lakini kwa mkuu wa familia tu. Mwanamke hawi mkuu wa familia. Inasemekana analishwa na mume. Aliye mjane analishwa na nani, hakuna aliyewahi kuniambia.

Kwa kuwa karatasi ya Directeur haina jina la mtu hata mmoja, itabidi tuwaulize wafanyakazi wenyewe, kila mtu kwa kinywa chake.

Jumatatu, 1 Oktoba

Siku ya kuuliza. Sijui nicheke au nilie.

Tulikaa katika chumba cha masanduku. Mkaguzi anauliza, mimi naandika. Wanaume waliitwa kwanza. Kila aliyeingia aliniona mimi, akasita, akataja mshahara wa huruma. Mpishi mmoja wa sabuni alitaja kiasi ambacho kisingemnunulia hata kiatu alichokivaa. Ndipo nikaelewa. Wake zao ni rafiki zangu, wengine ni jirani zangu mtaani Mangobo. Wanajua nikiandika leo, kesho mke anajua, na keshokutwa mashemeji wamejaa uani.

Kisha akaingia Lambert. Aliketi mbele yangu, akatazama dari, akamwambia mkaguzi mshahara uleule anaoniambia mimi kila mwezi. Nikauandika. Mkono wangu uliandika taratibu kuliko kawaida.

Mchana zamu ya wanawake. Mkaguzi, kwa wema wake, alimwomba Mama Hadidja akae mlangoni na kuwaita mmoja mmoja, kwa sababu wanamsikia. Wanawake wote wakataja mishahara minene. Wasichana walioingia mwaka huu wakasema wako daraja la tatu, na macho yao yanamtazama Mama Hadidja.

Ijumaa, 5 Oktoba

Citoyen Assumani amepanga mstari wake na kumwangalia mtu wa katikati. Matokeo: katika kiwanda chetu wanawake wanalipwa zaidi kuliko wanaume.

Directeur ametuma chupa ya bia ofisini. Citoyen Cyprien amezunguka kutwa akisema sasa wanaume ndio wadai. Anataka ripoti ipigwe haraka na kutiwa sahihi. Nimemwambia utepe wa mashine umekwisha. Haujaisha, upo kwenye mkoba wangu.

Jumapili, 7 Oktoba

Leo ilikuwa likelemba yetu, uani kwa Mama Hadidja. Kila baada ya malipo tunaweka fungu, mmoja wetu anabeba yote, na mwezi unaofuata anabeba mwingine. Tunazo mbili, ya mafungu madogo na ya mafungu makubwa. Ya makubwa huingii mpaka mshahara wako uaminike, maana ukibeba leo kisha kesho ukashindwa kuweka, umewaua wenzako. Mama Hadidja ndiye mama wa zote mbili. Amepewa heshima hiyo kwa sababu ya daraja lake la tatu.

Nilikaa pale nikiwatazama wakihesabu, na kila kitu kikanijia. Wanaume walidanganya kwa sababu yangu, wanawake kwa sababu ya mwanamke wa mlangoni. Tulichukua watu wawili ambao kila mtu anaona haya mbele yao, tukawaweka mmoja penye kalamu na mwingine penye mlango, halafu tukasema tunapima. Ningemfinya mkaguzi masikio, na yangu pia.

Wenzetu walipoondoka nilibaki. Nikamuuliza Mama Hadidja tena: daraja gani? Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

“La kwanza,” akasema. “Tangu siku niliingia, mpaka leo. Manœuvre.” Yaani kibarua, daraja la chini kabisa.

Nikamuuliza fungu kubwa analiweka na nini. Akanionyesha sombe. Ana shamba Lubunga, ng'ambo ya mto. Siku zisizo za kazi anavuka kwa mtumbwi alfajiri, anachuma, anauza, na fedha ile anaileta kwenye likelemba akiiita mshahara. Nilimwambia aende kwa mkaguzi aseme ukweli, kwa kuwa ripoti ile ikitiwa sahihi, ataondoka Desemba na pensheni ya daraja la kwanza, ambayo haitoshi hata nauli ya mtumbwi. Nikamkumbusha kwamba mficha uchi hazai.

“Mi nilishazaa, Mama Pélagie. Nilizaa saba,” akasema. “Benye kuwa na mishahara njo banaaminika. Bamama bakijua mi iko manœuvre, nani ataniachia makuta yake? Makuta nitatafuta kesho kwa soko, lakini jina yangu ikiharibika, nitaitafuta wapi?”

Nimerudi nyumbani na mvua, nimelowa hadi mfupa. Nilikuwa nimemkasirikia njia nzima. Nilipofika mlangoni nikaona kwamba hasira yangu ilikuwa imebisha hodi nyumba isiyo yake.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimemweleza Citoyen Assumani kwa nini hesabu yake ni ya uongo, bila kutaja jina la mtu. Aliweka kalamu chini, akasema basi hatutauliza tena kinywa. Tutauliza bahasha. Siku ya malipo atakaa kando ya dirisha la keshia. Bahasha ni ya mwenyewe, hawezi kumlazimisha mtu, lakini atakayependa kuifungua mbele yake, ataandika kilichomo. Malipo ni tarehe thelathini na moja. Ndege yake ni tarehe tisa Novemba. Tuna nafasi.

Kosa langu ni kwamba nilisema hayo mlango ukiwa wazi, na Citoyen Cyprien ana masikio kama popo.

Jumamosi, 20 Oktoba

Salongo. Mvua imetufukuza, asante Mungu.

Jumatano, 31 Oktoba

Malipo hayapo. Directeur ametangaza kwamba benki haina noti ndogo.

Jumatatu, 5 Novemba

Noti ndogo bado. Sokoni zipo, kwa mama wa makayabu, samaki wa chumvi, zipo, hata kwenye sahani ya sadaka zipo. Benki tu ndiko hazipo. Watu wanakula kwa mkopo. Msichana mmoja wa meza ya sabuni ameanguka kwa njaa, wakamlaza juu ya masanduku.

Alhamisi, 8 Novemba

Directeur alimwambia mkaguzi, kwa tabasamu la mtu aliyeshiba, kwamba inasikitisha sana, pengine safari nyingine. Gari la kiwanda litampeleka uwanja wa ndege wa Bangboka kesho asubuhi. Kiwanda hakikuwa na gari hata la kumpeleka mgonjwa hospitali mwezi uliopita. Nimepiga mashine leo kwa nguvu mpaka herufi ya o inatoboa karatasi.

Ijumaa, 9 Novemba

Naandika haya kabla sijasahau hata neno moja.

Gari lilimchukua Citoyen Assumani asubuhi. Halijafika hata kwenye kona, keshia akafungua dirisha. Noti ndogo zilikuwa zimelala ndani muda wote huo! Watu walikimbia kujipanga, wanaume mstari mmoja, wanawake mwingine, wote chini ya baraza kwa sababu mbingu ilikuwa imefunga. Ikaanza mvua. Sijaona mvua ya namna ile msimu huu. Ukipaza sauti, jirani yako hakusikii.

Saa mbili zikapita, keshia bado anahesabu na kupanga bahasha zake, hajamlipa mtu, pale lori la magogo lilipoingia getini. Nyuma yake, chini ya turubai, pamoja na mbuzi, alikaa Citoyen Assumani na mkoba kichwani. Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa maji, ndege haikutua. Gari la kiwanda lilishamwacha na kwenda zake, kwa hiyo aliomba lifti kwa dereva aliyetoka Bafwasende. Alishuka, akakamua shati, akachukua kiti kutoka ofisini kwangu, akakaa kando ya dirisha. Citoyen Cyprien alisimama mlangoni na mdomo wazi, kisha akapotea.

Mvua ilipolegea kidogo, mkaguzi akaeleza kwa sauti kubwa: bahasha ni yako, ukitaka ifungue, usipotaka pita. Wanaume wa kwanza wakapita. Wanawake wa kwanza wakapita pia, bahasha zimezama ndani ya nguo. Nilikuwa nimekaa na kalamu yangu bila neno la kuandika. Nikainuka, nikampa mkaguzi kalamu, nikamwambia aandike mwenyewe, mimi nasimama kule mbali. Angalau wanaume wasinitazame mimi.

Ndipo ikafika zamu ya Mama Hadidja. Nyuma yake walisimama wanawake wote wa likelemba. Alipokea bahasha, akaichana pale pale, akamwaga yaliyomo juu ya ubao wa dirisha. Noti chache, na kile kikaratasi cha malipo. Akakishika juu, akageuka, si kwa mkaguzi bali kwa wanawake.

“Mi iko daraja ya kwanza,” akasema. “Siku zote nilibaambia ya tatu, haikuwa kweli. Fungu yangu inatoka kwa sombe. Benye habanitaki tena, baseme Jumapili. Basi. Andika, Citoyen.”

Kisha msichana yule aliyeanguka kwa njaa akasogea, akafungua bahasha yake: daraja la kwanza. Na aliyemfuata, la kwanza. Na aliyemfuata. Walianza kucheka, kicheko kibaya, cha watu waliogundua kwamba kila mmoja alikuwa akimwonea haya mwenzake ambaye naye alikuwa akimwonea haya.

Wanaume walipoona hivyo hawakuwa na pa kupita. Mmoja wa meza ya sabuni, aliyefundishwa na Mama Hadidja mwenyewe, alifungua ya kwake akitazama viatu. Noti zake zilikuwa zaidi ya mara mbili, na ndani mlikuwa na bon ya kijani, kile cheti cha kupokelea gunia la mchele.

Lambert alifungua pia. Sikuwa mbali kiasi hicho.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimemuuliza Lambert. Anasema ziada huwatumia watoto wa marehemu kaka yake, walioko kule Isangi, wasome. Labda ni kweli. Ukweli wenyewe una harufu kidogo ya bia. Tumekula kimya. Safari hii kimya ni changu.

Jumapili, 11 Novemba

Likelemba. Nilidhani watakuja wachache. Wamekuja wote, wakakaa, wakaweka mafungu mbele ya Mama Hadidja. Mmoja tu alisema kitu: anayelipa fungu kubwa kwa sombe anaaminika kuliko anayelilipa kwa mshahara, maana mshahara tumeuona. Mama Hadidja alijifanya anatafuta kitu ndani ya nyumba, akakaa huko muda mrefu.

Jumatatu, 19 Novemba

Nimepiga ripoti leo, na nimegombana na mkaguzi, ambaye bado anangoja ndege nyingine.

Alikuwa anasoma, mimi napiga. Mwanamke wa katikati wa meza ya sabuni, ukihesabu mshahara na posho na mchele, hapati hata nusu ya mwanaume wa katikati wa meza ya jirani. Kazi ni moja. Wanawake wote wapandishwe daraja la tatu. Vizuri sana. Kisha akasoma: kuanzia tarehe mosi Januari.

Nikaondoa mikono kwenye mashine. Nikamwambia Mama Hadidja anaondoka tarehe thelathini na moja Desemba. Akasema anajua, anasikitika, lakini mabadiliko huanza na mwaka mpya, ndiyo desturi ya ofisi. Akaniomba niendelee. Nikasema hapana.

“Citoyen,” nikamwambia, “ulipima mwezi gani? Ulifungua bahasha za Oktoba. Deni liko Oktoba. Unapima mguu wa mutu leo, unamukatia kiatu ya mutoto wake?”

Akasema hayo si maneno ya sheria. Nikasema basi apige mwenyewe. Nikaenda kunywa chai. Kiwandani kote hakuna mwingine anayejua mashine. Citoyen Cyprien hutumia kidole kimoja na bado hukosea jina lake. Nilirudi saa ya kazi ya mchana, nikaketi chini ya tundu langu la bati. Mkaguzi alikuwa ameshika karatasi yake, amefuta mstari. Akasoma bila kunitazama: kuanzia mwezi uliopimwa, Oktoba. Nikapiga. Sikutoboa herufi hata moja.

Alipokuwa akitia sahihi aliniuliza, kama aliyekumbuka ghafla, kuhusu mshahara wangu. Nikamtajia. Akatafuta katika karatasi zake, akakunja uso. Alisema hawezi kuniingiza, kwa kuwa hapa hakuna mwanaume anayepiga mashine, na bila mtu wa kulinganisha naye, kwenye hesabu tofauti yangu ni sifuri. Alisema kwa aibu, nampa hilo.

Ijumaa, 21 Desemba

Barua imefika kutoka Kinshasa na muhuri. Directeur amekubali, ana njia gani nyingine. Citoyen Cyprien anawaambia watu kwamba lilikuwa wazo lake.

Jumatatu, 31 Desemba

Siku ya mwisho ya Mama Hadidja. Bahasha yake ilikuwa nene, na ndani kulikuwa na bon ya kijani. Tulikwenda pamoja stoo. Citoyen Cyprien mwenyewe alikuwa anagawa mchele, kwa kuwa mchele hamwachii mtu mwingine. Akaitazama bon, akamtazama Mama Hadidja, akasema kuna sehemu ya sahihi ya mkuu wa familia. Mume ndiye anayetia sahihi.

Nilifungua kinywa. Mama Hadidja akanigusa mkono.

“Bwana yangu iko Lubunga, kwa makaburi,” akasema. “Citoyen, utavuka wewe kumuita, ao nitavuka mi?”

Wanaume waliokuwa nyuma yetu kwenye mstari wakainamisha vichwa. Lambert alikuwa miongoni mwao. Citoyen Cyprien alisukuma karatasi na kalamu mbele. Mama Hadidja aliandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, mahali pa mkuu wa familia. Citoyen Cyprien akamsukumia gunia kwa mguu, apite upesi.

Mama Hadidja hakupita. Alionyesha mizani iliyokuwa kwenye kona.

“Pima,” akasema. “Niko naangalia.”